Chapati ikianguka chini: iliwe, irudishwe motoni au itupwe?

Swali: Ninauza chapati na maandazi asubuhi karibu na steji moja mtaani Nyalenda, Kisumu, na nina mtoto wa miaka miwili. Nyumbani mtoto akiangusha kipande cha ugali au cha ndizi, mume wangu huwahi kukiokota na kusema kuwa kabla ya sekunde tano hakuna kilichoingia. Mama mkwe wangu naye hukipuliza, akamrudishia mtoto mdomoni, akisema kuwa uchafu haumuui Mwafrika. Mimi roho hainipi, lakini chakula ni pesa na sipendi kukitupa. Je, chakula kilichoanguka kinaweza kuliwa? Na chapati ikiniponyoka kibandani, nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, jibu fupi ni kwamba viko vyakula vinavyoweza kuokotwa vikaliwa na viko visivyofaa kurudi mdomoni, lakini kinachovitenganisha si muda vilivyokaa chini. Kinachovitenganisha ni mahali vilipoangukia, unyevu wa chakula chenyewe, mtu atakayekila, na kama kitapita motoni tena kabla ya kuliwa. Sitayapa mambo haya manne nafasi sawa, kwa maana hayana uzito sawa. Kwa mtu anayeishi na kufanya biashara Nyalenda, suala la mahali linayazidi mengine yote, na ndilo ambalo ushauri mwingi tunaousoma kutoka nchi za mbali huliruka, kwa kuwa uliandikwa na watu ambao jikoni mwao hamkatizi kuku.

Nianze na hesabu ya mumeo, ambayo ndiyo rahisi kuimaliza. Dhana ya sekunde tano imepimwa katika maabara zaidi ya mara moja. Mwaka 2003 mwanafunzi wa sekondari nchini Marekani aitwaye Jillian Clarke, aliyekuwa akijifunza kazi ya maabara katika Chuo Kikuu cha Illinois, aliweka biskuti na peremende laini juu ya vigae vilivyopakwa bakteria, akakuta kwamba bakteria hao walihamia kwenye chakula kabla ya sekunde tano kwisha. Kazi hiyo ilimpatia mwaka 2004 tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa tafiti zinazomchekesha mtu kwanza kisha zikamfikirisha. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson wakiongozwa na Paul Dawson walirudia suala hilo kwa kutumia salmonela, bakteria wanaoleta kuhara na homa, wakaonyesha kwamba sekunde tano ziliwatosha kuhamia kwenye mkate na kwenye nyama ya soseji. Walionyesha pia kwamba salmonela waliweza kukaa hai juu ya sakafu kavu hadi wiki nne, wakiwa bado wengi kiasi cha kuchafua chakula. Hili la pili ndilo ningependa mumeo alitafakari, kwa sababu lina maana kwamba sakafu inayoonekana kavu na safi leo inaweza kuwa bado na bakteria wa kuku mbichi aliyekatiwa hapo wiki tatu zilizopita.

Jaribio kubwa zaidi lilichapishwa mwaka 2016 na Robyn Miranda na Donald Schaffner wa Chuo Kikuu cha Rutgers. Walidondosha tikitimaji, mkate mtupu, mkate uliopakwa siagi na peremende laini juu ya chuma, kigae, mbao na kapeti, wakaviacha kwa muda usiotimia sekunde moja, kwa sekunde 5, kwa sekunde 30 na kwa sekunde 300, na kwa jumla wakachukua vipimo zaidi ya 2,500. Muda ulikuwa na athari yake, kwa kuwa chakula kilichokaa chini dakika tano kilibeba bakteria wengi kuliko kile kilichookotwa papo hapo. Kwa hiyo mumeo hakosei kabisa anapoharakisha. Anapokosea ni pale anapodhani kwamba kuna kipindi cha mwanzo ambacho hakuna kinachohama. Bakteria walihama hata kabla ya sekunde moja kutimia, na aina ya chakula pamoja na aina ya sakafu zilionekana kuwa na uzito sawa na muda au hata zaidi. Kapeti, kinyume na tunavyotarajia, iliachilia bakteria wachache kuliko kigae, lakini mtu asilichukue hilo kuwa ruhusa ya kulia kapetini, maana kapeti yenyewe huwa na uchafu mwingi usiosafishika.

Tikitimaji ndilo lililobeba bakteria wengi kuliko vyakula vingine, na sababu yake ni nyepesi: bakteria hawana miguu, huhama pamoja na maji. Litazame donge la ugali lililotoka sufuriani muda mfupi uliopita. Upande wake wa chini bado una mvuke na ulaini, na linapotua hujikandamiza na kufuata kila ufa na kila chembe ya mchanga iliyo chini yake. Ukilifuta kwa kidole, chembe kubwa zinatoka na zile ndogo unazisukuma ndani zaidi. Ndizi mbivu iliyomenywa, embe lililokatwa, sukuma wiki na samaki mwenye mchuzi vimo katika kundi hilo hilo. Andazi lililopoa likawa na ganda kavu, njugu, bisi na biskuti hubeba kidogo sana. Chapati iko katikati. Mafuta yake peke yake si tatizo kubwa, kwa sababu katika jaribio la Rutgers mkate wenye siagi haukutofautiana na mkate mtupu. Lakini chapati iliyokaa ndani ya hotpoti ikatoa jasho lazima uihesabu kuwa chakula cha majimaji.

Majaribio hayo yote, hata hivyo, yalifanywa juu ya sehemu zilizopakwa bakteria makusudi. Hayakuwa na haja ya kuuliza swali ambalo wewe huwezi kulikwepa, yaani, hapo chini pana nini?

Ndani ya nyumba yenye sakafu ya simiti iliyofagiwa na kupigwa deki asubuhi, ambamo watu huvua viatu mlangoni na hamna kuku wanaoingia, huwa hapana mengi ya kumdhuru mtu mzima mwenye afya. Andazi likianguka hapo, mimi mwenyewe ninaliokota na kulila. Ningesita kama deki hiyo ilipigwa kwa kitambaa kile kile kinachosafisha choo, au kama poti ya mtoto hukaa pembe hiyo, au kama pale pale ndipo mnapopaa samaki na kukata nyama mbichi. Uchafu wa nyumbani hauenei sawasawa, na mwenye nyumba huzijua pembe zake kuliko mtaalamu yeyote.

Sakafu ya udongo, hata ile iliyosiribwa vizuri kwa kinyesi cha ng'ombe ikang'aa, ni habari nyingine, kwa kuwa haioshwi na hushika unyevu. Katika jimbo la Coahuila nchini Meksiko serikali iliwawekea wananchi sakafu za simiti mahali pa zile za udongo, na watafiti walipowapima watoto wa nyumba hizo walikadiria kwamba kuifunika sakafu yote kwa simiti kulipunguza maambukizi ya vimelea vya tumbo kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Mpango huo ulihusu sakafu tu. Watoto waliendelea kuangusha na kuokota kama watoto wote. Walichookotea ndicho kilichobadilika.

Ukivuka mlango kuingia uani, mambo hugeuka kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulichukua udongo na maji kutoka sehemu za umma katika mitaa ya Kisumu na kukuta humo vijidudu vya aina nyingi vinavyotoka katika vinyesi vya watu na vya wanyama. Wewe unayeishi Nyalenda huhitaji maabara kukueleza sababu. Sehemu kubwa ya mtaa iko bondeni, vyoo vingi ni vya shimo, na mvua za masika zikizidi, maji ya mtaro na ya chooni hukutana na kutandaa kila mahali, kisha hukauka na kuacha udongo unaofanana na udongo mwingine wowote. Hapo ongeza kuku, mbuzi, bata na mbwa wanaotembea plotini, na maji ya kufulia nepi yanayomwagwa mlangoni kwa sababu watu wengi hukiona kinyesi cha mtoto mchanga kama kisicho na madhara. Kina madhara, tena mara nyingi kuliko cha mtu mzima, kwa kuwa watoto ndio wanaobeba maambukizi mengi ya tumbo.

Kiasi kinachohitajika kumwangusha mtu hutofautiana sana kati ya kijidudu na kijidudu, na hapa ndipo kufuta na kupuliza kunapofeli. Kipindupindu kwa kawaida huhitaji bakteria kwa mamilioni ili kumshinda mtu mwenye afya, kwa kuwa wengi wao hufia katika asidi ya tumbo. Lakini shigela, ambao huleta kuhara damu, wanaweza kumwangusha mtu mzima wakiwa 10 hadi 100 tu. Ukifuta kipande cha ndizi ukaondoa sehemu tisa katika kumi za uchafu wake, kwa kipindupindu huenda umejiokoa; kwa shigela umefanya kazi bure.

Kisha kuna minyoo mviringo, wale warefu weupe ambao kila mzazi wa eneo letu amewahi kuwaona au kuwasikia. Mnyoo mmoja wa kike hutaga mayai kama 200,000 kwa siku, na mayai hayo hutoka pamoja na kinyesi. Ni madogo kiasi kwamba ukiyapanga kama 20 kwa mstari mmoja utapata takribani milimita moja, na gamba lake la nje hunata, kwa hiyo pumzi ya mtu haiyapeperushi kamwe. Lililo muhimu zaidi ni kwamba yai likitoka halina nguvu ya kuambukiza. Huhitaji kukaa katika udongo wenye joto na unyevunyevu kwa wiki mbili hadi nne ili liive, na likishaiva huweza kudumu hapo kwa miaka. Kwa maana hiyo kinyesi kibichi, ambacho kila mtu hukiona na kukikwepa, hakina mayai ya minyoo hawa yaliyo tayari. Penye hatari ni pale mtoto alipojisaidia mwezi uliopita, mvua ikapasambaza, na sasa panaonekana udongo mtupu wa kuchezea. Uwanja ulio wazi unaochomwa na jua kutwa nzima una nafuu, kwa kuwa ukavu na joto kali huyaua mayai hayo. Kivuli cha nyuma ya nyumba, chini ya migomba, kando ya bafu na karibu na mtungi wa maji ndiko yanakostarehe.

Haya si ya kubuni wala ya mbali. Watafiti waliochukua udongo kwenye milango ya nyumba za Kakamega walikuta humo mayai ya minyoo. Huko Nyanza, katika miaka ya 1990, uchunguzi wa wanafunzi wa shule za msingi uliwafuatilia watoto wenye mazoea ya kula udongo, na ikabainika kwamba baada ya kupewa dawa waliambukizwa tena minyoo mviringo zaidi kuliko wenzao wasiokula udongo. Huko Busia nako, kuanzia mwaka 1998, mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo uliofuatiliwa na wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer katika shule 75 ulionyesha kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa walipata nafuu, kwa sababu wenzao waliotibiwa waliacha kuuchafua udongo wa pamoja. (Kremer ni mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi ya mwaka 2019.) Minyoo ya safura ni tofauti kidogo, kwa kuwa hiyo hupenya hasa kwenye ngozi ya miguu isiyo na viatu, kwa hiyo usiihesabu sana katika mjadala huu wa chakula.

Kando ya steji unapofanyia kazi kuna jambo la ziada ambalo halihusu vijidudu. Udongo wa mahali magari na pikipiki hutengenezewa hunyonya mafuta ya injini, na pale mafundi wanapofungua betri za magari unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto unaokua. Mambo hayo hayafi kwa moto wala hayatoki kwa kuoshwa mara moja. Chakula kilichoangukia udongo wa namna hiyo kimekwisha.

Sasa nimfikie mama mkwe wako, na nimfikie kwa heshima, maana amelea na anasema alichokiona. Katika maneno yake kuna chembe ya ukweli ambayo sayansi haiikatai: mtoto anayekua akigusana na wanyama, mimea na watu wengi hupata mchanganyiko wa bakteria wa tumboni unaousaidia mwili kujifunza kipi ni adui na kipi si adui. Ila faida hiyo hutokana na maisha ya kawaida ya mtoto, na anaipata kwa wingi bila kulishwa kilichoanguka uani. Vijidudu vya kinyesi havimfundishi mwili somo la maana. Mtu aliyeugua aina moja ya shigela anaweza kuugua aina nyingine, na kuhusu minyoo, mwili haupati kinga kamili dhidi yao. Mtoto aliyetibiwa leo akirudi kwenye udongo ule ule huweza kuwa nao tena baada ya miezi michache.

Kuna jingine ambalo mama hawezi kuliona kwa macho. Mtoto anayemeza vijidudu vya kinyesi kidogo kidogo kila siku huenda asiharishe hata kidogo, lakini kuta za utumbo wake zinaweza kuvimba na kupoteza uwezo wa kufyonza chakula, na hali hiyo inahusishwa na watoto kudumaa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na wengi wao hawaonekani kuwa wagonjwa. Kwa hiyo ni kweli kwamba uchafu haukuwaua watoto aliowalea mama. Ulichowapunguzia hakuna aliyekipima. Nisingekushauri umwambie hivyo kwa maneno haya. Mwandalie mtoto sinia pana au leso safi ya kukalia wakati wa kula, ili kinachomponyoka kiangukie hapo na kiweze kuokotwa bila ubishi wowote, na kinapoangukia udongo, mtangulie mama kwa kipande kingine mkononi, ukimwambia kwa upole, "Hiki tumpe kuku, mama, mtoto nimemkatia kingine." Kwa mtoto wa miaka miwili sheria yangu ni kali kuliko kwa mtu mzima: chenye majimaji kikigusa sakafu yoyote, hata ya simiti, asipewe, kikavu kilichoanguka ndani mahali safi, anaweza kupewa, cha nje, kikavu au kibichi, asipewe kabisa. Ukali huo huo uwahusu wajawazito, wazee, watu wanaoishi na virusi vya ukimwi na wale wanaotumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo, ambao hawana kinga kamili ambayo sisi wengine tunaitegemea bila kujua.

Umesema hupendi kutupa, nami sipendi. Moto ndio unaookoa chakula kingi kuliko njia nyingine yoyote. Salmonela, shigela na mayai ya minyoo hufa chakula kinapopata joto la nyuzi 70 na zaidi hadi ndani, kwa hiyo kipande cha nyama kilichoanguka kikaoshwa kwa maji safi na kurudishwa kwenye mchuzi unaochemka hakina tatizo. Hiyo ndiyo sababu hatuwaogopi omena, ambao tunajua fika kwamba wengi wao huanikwa ufuoni juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, ndege na mbwa wakipita: omena huoshwa kwa maji ya moto, tena na tena, kisha hukaangwa au kuchemshwa. Tunda lenye ganda, likiwa zima, lioshwe na kumenywa, basi. Tunda lililokwisha kumenywa haliokoki, kwa kuwa huwezi kulichemsha na kuliosha hakutoshi. Watu wengine huniambia kwamba wao hulichovya katika maji yenye klorini, ile tunayoitia kwenye maji ya kunywa. Klorini huua bakteria na virusi vingi, lakini mayai ya minyoo mviringo huistahimili bila shida, na udongo uliobaki kwenye tunda huipunguzia nguvu. Chumvi na siki ni dhaifu zaidi ya hapo.

Kibandani jibu langu halina ngazi. Chapati au andazi lililogusa chini haliuzwi, liwe limefutwa, limepulizwa au limerudishwa kwenye karai. Sheria ya Kenya ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kuuza chakula kisichofaa kwa binadamu, na afisa wa afya ana mamlaka ya kukichukua. Lakini hata bila sheria, tofauti ni kwamba nyumbani unajua anayekula ni nani. Kibandani hujui kama mteja amemnunulia mtoto wa mwaka mmoja au mgonjwa aliye hospitalini, naye mteja hajui kilichotokea, kwa hiyo hana nafasi ya kuamua. Chapati moja ni shilingi 20 au 30. Iweke kando, na kama iliangukia mahali pasafi, irudishe kwenye kikaango kikali pande zote mbili uile wewe mwenyewe. Kama iliangukia udongo wa steji, iache iende, kwa sababu moto utaua bakteria lakini mchanga na mafuta ya pikipiki vitabaki.

Chapati nyingi huanguka kwa sababu ya mpangilio kuliko kwa sababu ya haraka. Hotpoti huwekwa upande mmoja na kikaango upande mwingine, na chapati husafirishwa hewani kwa mwiko juu ya udongo mtupu. Zisogeze ziwe karibu, weka kati yake sinia safi, tumia koleo, na upigilie ubao mwembamba kwenye ukingo wa meza ili maandazi yasibingirike. Na kwa kuwa tumefika hapo, mkono unaopokea noti na sarafu kisha ukashika chapati hupeleka kwa wateja uchafu mwingi kuliko chapati moja inayoanguka kwa wiki; tafuta mtu wa kupokea pesa, au wateja walipe kwa simu, au shika chapati kwa karatasi safi.

Mwisho, kuhusu siku ambazo utachelewa na mtoto awe ameshameza. Usimtapishe wala usimpe antibayotiki kwa kuhofia tu. Mara nyingi hakuna kitakachotokea. Akianza kuharisha, kwa kawaida katika siku tatu za kwanza ikiwa ni bakteria, mpe maji yenye chumvi maalumu ya kuzuia ukavu wa mwili (ORS), vijiko kidogo kidogo, endelea kumlisha, na umpe zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, ambayo zahanati huitoa pamoja na chumvi hiyo. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo ukiona damu kwenye choo, akitapika kila anachokunywa, macho yakizama, akilegea au akikosa mkojo kwa saa nyingi. Minyoo hawataonekana wiki hiyo wala inayofuata, kwa hiyo usisubiri dalili zao: mtoto aliyetimiza miaka miwili hupewa tembe moja ya albendazoli ya miligramu 400 kila baada ya miezi sita, na aliye kati ya mwaka mmoja na miwili hupewa nusu yake. Dawa hiyo hutolewa pamoja na vitamini A wakati wa wiki za Malezi Bora, mwezi wa Mei na mwezi wa Novemba, lakini kama kitabu chake cha kliniki kinaonyesha kwamba miezi sita imepita, mpeleke kliniki sasa bila kungoja wiki hizo.